Saa nane na nusu ya mwaka 1935: jinsi mashine pepe inavyoita maktaba ya C

Chukua tarehe 1 Juni 1935, saa sita kamili za mchana kwa majira ya Greenwich. Hapa Nakuru ilikuwa saa ngapi? Anayejibu harakaharaka ataongeza saa tatu na kusema saa tisa alasiri. Jibu sahihi ni saa nane na nusu. Saa tatu kamili tunazozitumia leo zimetulia tangu Agosti 1942. Kabla ya hapo saa ya Kenya ilisogezwa mara kadhaa, na hifadhidata ya kanda za saa inayokuja na mifumo mingi ya kompyuta imetunza habari hizo chini ya jina Africa/Nairobi. Hadi mwaka 1908 inatumia saa ya jua ya Nairobi yenyewe, iliyoitangulia Greenwich kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 16. Kisha zikaja saa mbili na nusu. Katikati ya mwaka 1928 zikawa tatu, Januari 1930 zikarudishwa mbili na nusu, mwaka 1937 zikawa mbili na dakika 45, na mwaka 1942 tukafika tulipo. Katika hifadhidata hiyo Dar es Salaam na Kampala nazo huelekezwa kwa Nairobi.

Mtu aliye Kiamunyi, hapa Nakuru, anayeingiza kwenye kompyuta nyaraka za zamani za reli, za mashamba ya walowezi au za vipimo vya mvua hawezi kuipuuza nusu saa hiyo. Wala hana haja ya kuiandika upya historia hiyo ya saa. Maarifa hayo yamo tayari ndani ya kompyuta yake, nyuma ya fanksheni moja ya maktaba ya kawaida ya C iitwayo `localtime_r`. Ipe idadi ya sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 nayo itakurudishia tarehe na saa ya mahali. Tarehe yetu ya 1935 ni hasi 1091448000.

Ugumu unaanza pale anayeitaka fanksheni hiyo si programu ya C bali mashine pepe, yaani programu inayotekeleza maelekezo ya lugha nyingine moja baada ya jingine, kama zilivyo injini za Python, Java na Lua. Mashine pepe ilijengwa na kukamilika kabla mtumiaji hajaandika mstari hata mmoja. Haikujua kwamba siku moja ataita `localtime_r`. Lazima iitafute, ijue namna ya kuipa hoja zake na iyapokee majibu, yote hayo programu ikiwa tayari inakimbia. Nitaeleza hatua hizo kwa kutumia Python na moduli yake ya `ctypes`, iliyoandikwa na Thomas Heller na kuingizwa rasmi katika toleo la 2.5 mwaka 2006, kwa sababu inapatikana kwenye karibu kila Linux na mwanafunzi anaweza kuijaribu jioni ya leo. Najua Python ina njia yake nyingine ya kusoma kanda za saa. Ninachokichambua hapa ni njia ya kuvuka kwenda C, ambayo kila anayejenga mashine pepe yake mwenyewe atakutana nayo.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kinachovuka mpaka kati ya mashine pepe na C ni anwani na biti, basi. Maana ya biti hizo hubaki nyuma, kwenye faili za vichwa ambazo kompaila ya C huzisoma na mashine pepe haizisomi. Karibu kila ajali ya kazi hii inatokana na hapo, na ndiyo maana nasisitiza kwamba tamko la fanksheni, yaani aina ya kila hoja na aina ya jibu, liandikwe kwa ukamilifu kila mara, hata pale lugha inapokuruhusu kuliacha.

Hatua ya kwanza ni kuipata maktaba. Mfumo wa Linux una fanksheni mbili za kazi hiyo: `dlopen` hufungua maktaba, na `dlsym` hupokea jina na kurudisha anwani. Wengi hukwama papo hapo. Huandika `libc.so`, wakapata malalamiko kwamba faili halina kichwa halali cha ELF. Si kwamba faili limeharibika. Kwenye Ubuntu na Debian zenye zana za kompaila, `libc.so` ni faili la maandishi matupu, maelekezo mafupi kwa kiunganishi. Maktaba yenyewe inaitwa `libc.so.6`. Kwenye simu ya Android mambo yamegeuka: maktaba ya C huko ni Bionic, na jina lake halisi ni hilo hilo `libc.so`. Mwanafunzi anayejifunzia Python kwenye simu ndani ya programu ya Termux, kisha akahamishia kazi yake kwenye laptopu, atakutana na tofauti hiyo siku ya kwanza. Napendelea kukwepa jina kabisa. `dlopen` ikipewa kielekezi kitupu hurejesha programu yenyewe pamoja na vyote ilivyokwisha kuvipakia, na kwa kuwa Python yenyewe inategemea maktaba ya C, fanksheni zake zimo humo. Kwenye `ctypes` hiyo ni `CDLL(None)`. Windows haikubali njia hii. Huko ni lazima utaje maktaba kwa jina.

Hata jina la fanksheni halitoshi kila mara. Chukua `stat`, inayotoa habari za faili. Programu za C zimeiita kwa miongo mingi, lakini kabla ya toleo la mwaka 2021, la 2.33, la glibc, yaani maktaba ya C ya Ubuntu na Debian, `dlsym` isingeipata, kwa sababu ndani ya maktaba haikuwepo fanksheni inayoonekana kwa jina hilo. Wakati wa kujenga programu iligeuzwa kimyakimya kuwa `__xstat`, na kuongezewa hoja moja ambayo mwandishi wa programu hakuiandika. Ubuntu 20.04 inakuja na glibc 2.31, na Ubuntu 22.04 inakuja na 2.35. Basi programu iliyoandikwa kwenye laptopu mpya inaweza kukataa kukimbia kwenye ile ya ex-UK ambayo mwenye nayo hajabadilisha mfumo wake, ingawa wenye laptopu hizo wote wawili wataapa kwamba `stat` ipo. Na `errno`, inayobeba namba ya kosa, si hata kigeu cha kawaida. Ni makro inayoita fanksheni iitwayo `__errno_location`. Vitu vya namna hii huonekana na kompaila peke yake.

Tuseme anwani imepatikana. Ni kama kuelekezwa geti la nyumba bila kuambiwa desturi za wenyeji. Desturi zenyewe ni kanuni za kuita, na kila familia ya prosesa na kila mfumo wa uendeshaji una zake. Kwenye Linux ya prosesa za Intel na AMD za biti 64, hoja sita za kwanza ambazo ni namba kamili au vielekezi huwekwa kwenye rejista rdi, rsi, rdx, rcx, r8 na r9, kwa mpangilio huo. Namba za desimali hupita mlango mwingine, kuanzia xmm0 hadi xmm7. Jibu likiwa namba kamili au kielekezi husomwa kwenye rax, na likiwa desimali husomwa kwenye xmm0. Windows kwenye prosesa hiyo hiyo huanza na rcx, kisha rdx, r8 na r9, na humtaka anayeita aache baiti 32 tupu kwenye rundo kwa ajili ya anayeitwa. Prosesa za ARM za biti 64, zilizo kwenye simu nyingi, hutumia x0 hadi x7.

Kompaila ya C huyapanga haya yote wakati wa kujenga programu, na anayeandika C anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuyafikiria. Mashine pepe haina anasa hiyo. Inayo orodha ya hoja iliyojulikana sasa hivi, na inahitaji kuzimimina kwenye rejista zake sahihi kabla ya kurukia anwani. C yenyewe haina namna ya kusema "ita anwani hii kwa hoja ambazo idadi na aina zake nitazijua baadaye". Kwa hiyo lazima mahali fulani pawe na msimbo wa lugha ya mashine ulioandikwa kwa mkono kwa kila aina ya prosesa.

Kazi hiyo ilifanywa na Anthony Green, aliyeianzisha libffi mwaka 1996 akiwa Cygnus Solutions nchini Marekani, na mpaka leo maktaba hiyo ndiyo inayobeba `ctypes` na wenzake wengi. Mpango wake ni wa hatua mbili, na naupenda kwa uwazi wake. Kwanza unaieleza libffi umbo la fanksheni: hoja ngapi, kila moja ya aina gani, jibu la aina gani. Fanksheni ya `ffi_prep_cif` huyapima hayo na kuamua kila hoja itakaa wapi. Maelezo hayo huhifadhiwa na kutumika tena. Kisha `ffi_call` hupokea maelezo hayo, anwani na thamani zenyewe, ikatenga nafasi kwenye rundo, ikajaza rejista, ikaruka, na inaporudi ikalichukua jibu mahali linapostahili. Hata hivyo libffi haina njia ya kujua kama umbo ulilolieleza ni la kweli. Ukiidanganya, itatekeleza uongo wako kwa uaminifu wote.

Hapo ndipo `ctypes` ninailaumu kidogo. Usipotaja aina ya jibu, hudhani ni namba kamili ya biti 32. Kwa `abs` au `toupper` hakuna madhara. Kwa `strdup`, `malloc` au `localtime`, ambazo hurudisha kielekezi cha biti 64, nusu ya juu ya anwani hukatwa na kutupwa. Unabaki na namba inayoonekana halali, na programu inaanguka baadaye, unapojaribu kusoma kilichopo pale. Namba kamili inayotumwa bila tamko nayo hupita kama biti 32, na ikizidi hukatwa bila onyo. Afadhali chaguo la msingi lingekuwa kukataa.

Turudi kwa `localtime_r`. Inataka vielekezi viwili: kimoja cha idadi ya sekunde, kingine cha muundo itakaoujaza majibu. Tamko lake kamili kwa Linux ya biti 64 ni hili:

```
import ctypes as c

sehemu = "sek dak saa siku mwezi mwaka juma siku_ya_mwaka majira"

class Tm(c.Structure):
    _fields_ = [(j, c.c_int) for j in sehemu.split()] + [
        ("tofauti", c.c_long), ("kanda", c.c_char_p)]

maktaba = c.CDLL(None, use_errno=True)
ita = maktaba.localtime_r
ita.argtypes = [c.POINTER(c.c_long), c.POINTER(Tm)]
ita.restype = c.POINTER(Tm)

wakati, jibu = c.c_long(-1091448000), Tm()
ita(c.byref(wakati), c.byref(jibu))
```

Majina ya sehemu nimeyaweka kwa Kiswahili, na hilo halina madhara yoyote kwa C, kwani majina hayavuki. Kinachovuka ni mpangilio na ukubwa. Vitabu vingi vya C huonyesha muundo huu ukiwa na sehemu tisa, zote namba kamili za baiti nne, jumla baiti 36. Lakini glibc huongeza mbili mwishoni: tofauti na Greenwich kwa sekunde, na kielekezi cha jina la kanda. Kwa kuwa hizo mbili ni za baiti nane kila moja na hupenda kuanzia kwenye anwani inayogawanyika kwa nane, baiti nne tupu huachwa katikati, na muundo mzima unafika baiti 56. Mtu akinakili sehemu tisa za kitabuni, `localtime_r` itaandika hadi baiti ya 20 nje ya eneo alilolitenga. Hakuna kosa litakalotangazwa. Saa itatoka sahihi kabisa. Kilichoharibika ni kitu kingine kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu, na programu inaweza kuanguka baada ya muda mrefu mahali pasipohusiana na saa hata kidogo. Hii ndiyo sura mbaya kuliko zote ya kazi hii: jaribio linafaulu na programu ni mbovu. Kwenye simu za zamani za ARM za biti 32, ambazo bado zimo mikononi mwa watu, muundo huo huo una baiti 44, kwa sababu `long` na vielekezi huko ni vya baiti nne.

Kompyuta ikiwa imewekwa kanda ya Africa/Nairobi, majibu yanatoka hivi: mwaka 35, kwa kuwa C huhesabu kuanzia 1900; mwezi 5, kwa kuwa Januari ni sifuri; siku 1; saa 14; dakika 30; tofauti 9000, yaani saa mbili na nusu. Kuipata saa ya Kiswahili, ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua baki, na baki likiwa sifuri liite 12. Kumi na nne inatoa nane. Ukibadilisha kanda kupitia kigeu cha mazingira `TZ` wakati programu inakimbia, ita `tzset` kabla ya kuuliza tena, la sivyo `localtime_r` inaweza kuendelea na kanda ya awali.

Jina la kanda lililo mwishoni mwa muundo lina somo lake. Kielekezi kile kinaonyesha maandishi yanayomilikiwa na maktaba ya C, hivyo si ruhusa kuyaachilia kwa `free`. Kinyume chake, `strdup` hukupa kumbukumbu iliyo yako, na usipoiachilia itabaki hadi programu ifungwe. Ukitamka kwamba `strdup` hurudisha `c_char_p`, Python itakunakilia herufi na kuitupa anwani, nawe huna tena njia ya kuiachilia. Tamka `c_void_p`, uishike anwani, usome, kisha uachilie. Kizoa taka cha mashine pepe hakijui lolote kuhusu kumbukumbu iliyotengwa ng'ambo ya pili.

Kuna `printf` pia, inayopokea hoja zisizo na idadi maalumu. Kwenye Linux ya Intel, anayeiita hutakiwa kutaja ndani ya rejista al kiwango cha juu cha rejista za desimali alizotumia. Kwenye kompyuta za Apple zenye prosesa ya ARM, hoja hizo za ziada zote hupelekwa kwenye rundo badala ya rejista, hivyo mwito uliofaulu kwenye Linux utachapisha takataka huko. libffi iliongeza `ffi_prep_cif_var` kwa ajili ya hali hii. Tena `printf` ina hifadhi yake ya muda isiyojua hifadhi ya Python, na matokeo yakielekezwa kwenye faili, mistari hutoka kwa mpangilio uliovurugika. Sioni sababu ya kuiita kutoka kwenye mashine pepe.

Kuhusu `errno`, hatari ni muda. C imeshindwa, imeandika namba ya kosa, imerudi. Kabla programu yako haijaisoma, mashine pepe inaweza kutenga kumbukumbu au kufungua kufuli fulani, na namba ikafutwa na nyingine. `use_errno=True` huifanya `ctypes` kuidaka mara tu C inaporudi na kukutunzia nakala, unayoisoma kwa `get_errno`. Java nayo, ambayo tangu mwaka 1997 ililazimisha msimbo wa C wa kati kupitia JNI, ilikamilisha njia mpya ya moja kwa moja katika Java 22, Machi 2024, na wabunifu wake wakaweka chaguo la kudaka `errno` ndani ya mwito wenyewe. Ni uamuzi sahihi, kwani nje ya mwito tayari umechelewa.

C inapotaka kuita kurudi kwenye mashine pepe, kama `qsort` inavyohitaji fanksheni ya kulinganisha vitu viwili, libffi hutengeneza kipande kidogo cha msimbo chenye anwani halisi, ambacho kikirukiwa huiamsha mashine pepe. Kwa `qsort` kazi huisha kabla ya mwito kurudi, hivyo ni salama. Kwa `signal` au `atexit`, C huishika anwani hiyo kwa muda mrefu, na kizoa taka kikikiondoa kitu kilichoibeba, C itarukia mahali palipobomolewa. Shikilia kitu hicho kwenye kigeu kinachodumu.

Si mashine pepe zote zilizofuata njia hii: LuaJIT, mashine pepe ya Lua ya Mike Pall, ilichagua kumwomba mtumiaji abandike tamko la C lenyewe, kama lilivyo kwenye faili la kichwa, nayo ikalichanganua. Faida yake ni kwamba tamko hunakiliwa badala ya kutafsiriwa kwa mkono, na mwito huchanganywa na msimbo wa mashine unaotengenezwa papo hapo, bila safari ya kupitia libffi. Makro haiwezi kuzichanganua. Go, ambayo ndiyo lugha iliyotumika kuandika Nuru, lugha ya programu yenye maneno ya Kiswahili, ilikwenda upande mwingine: husoma hifadhidata ya kanda za saa yenyewe na kwenye Linux huzungumza na kiini cha mfumo bila kupitia maktaba ya C. Ni njia safi, lakini ni ya timu yenye nguvu ya kuandika upya kila kitu.

Kwa anayejenga mashine pepe ndogo, awe Kabarak, Njoro au chumbani kwake Kiamunyi, ningegawa kazi hivi. Fanksheni zenye hoja chache za namba na vielekezi, kama `strlen`, `cos` au `tzset`, ziite moja kwa moja kupitia libffi, ukikumbuka kwamba `cos` kwenye Linux inakaa `libm.so.6`. Zinazogusa miundo, makro au hoja zisizo na idadi, zifungie ndani ya faili moja dogo la C: fanksheni inayopokea sekunde na kurudisha mwaka, mwezi, saa na tofauti kama namba za kawaida. Kompaila itasoma vichwa vya mahali hapo, itapima muundo wa mahali hapo, na zile baiti 56 au 44 hazitakuwa shughuli yako tena. Na katika jedwali la fanksheni za nje la mashine hiyo, mstari usio na tamko kamili la hoja na jibu uwe kosa la wakati wa kupakia, kabla mwito wa kwanza haujafanyika.